Kumwandaa Mhudumu wa Afya wa Kijijini Kufundisha Malezi Chanya

Makala haya yanajadili mafunzo ya malezi chanya kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii katika vijiji vya Tanzania. Hoja inayotetewa ni kwamba ugumu wa mafunzo hayo haumo katika maudhui, bali katika kubadili mazoea ya mhudumu mwenyewe.

Mhudumu huyu amezoea kupeleka ujumbe. Hufika nyumbani, hufungua bango kitita, hueleza habari za chandarua, chanjo na lishe, kisha huaga. Malezi hayafundishiki kwa njia hiyo. Kitita cha malezi kwa maendeleo ya mtoto, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2012, kinamtaka atazame kwanza jinsi mama anavyomwitikia mtoto, asifu jambo mahususi aliloliona, ndipo apendekeze mchezo au mazungumzo yanayolingana na umri. Anayecheza na mtoto ni mama, si mhudumu, na vifaa ni vile vilivyopo nyumbani: kikombe cha plastiki, kifuniko cha sufuria, kipande cha kanga. Mhudumu akimpakata mtoto na kumchezesha kwa ustadi, mtoto atacheka, lakini mama atabaki mtazamaji, na pengine atajiona hawezi.

Kukariri hatua hizo ni kazi ya siku moja. Kuzitenda ni jambo jingine. Igizo dhima darasani husaidia kwa kiasi kidogo, maana mtu mzima anayeigiza mtoto hutii upesi mno. Mazoezi mbele ya mlezi na mtoto halisi hayana mbadala, na mtihani wa maandishi hupima kumbukumbu tu.

Suala zito zaidi ni kiboko. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulibaini kuwa karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Yamkini mhudumu naye alilelewa kwa fimbo, na huenda anaitumia kwake, majirani wanajua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimpi jibu jepesi: kifungu cha 13 kinakataza adhabu ya kikatili, lakini hakifuti kumrudi mtoto, ila kinadai kiasi kinacholingana na umri na hali yake. Kumkabidhi kauli ya "usimpige mtoto" pekee ni kumtuma akabishane na bibi aliyelea wengi. Afunzwe kutenganisha adabu na maumivu, kwa kuwa adabu ni lengo ambalo bibi naye analo. Mjukuu wa miaka miwili akimwaga maji, swali la "Bibi, ungependa ajifunze nini hapa?" hufungua mazungumzo ambayo katazo lingeyafunga.

Jambo la mwisho ni usimamizi. Msimamizi kutoka zahanati akikagua rejista peke yake, ataona idadi ya kaya na rufaa, wala hataona sifa iliyotolewa kwa wakati wake. Inapendekezwa aongozane na mhudumu hadi kaya moja walau kila robo mwaka, aketi kando, na asimsahihishe mbele ya mama.