Neno "au" na Ombi la Uangalizi wa Pamoja wa Watoto

Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kumweka mtoto chini ya uangalizi wa baba au mama. Neno hilo "au" ndilo linalomtatiza mzazi anayeomba uangalizi wa pamoja baada ya kutengana na mwenziwe. Aidha, mtoto wa chini ya miaka 7 hudhaniwa kufaidika zaidi akikaa na mama. Dhana hiyo hukanushika kwa ushahidi, lakini katika kuipima mahakama hutakiwa kuzingatia ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Hoja hii ni nzito dhidi ya mpango wa wiki kwa baba, wiki kwa mama, hasa nyumba moja inapokuwa mbali na shule.

Hata hivyo, kifungu cha 126 kinaruhusu amri ya uangalizi iambatane na masharti kuhusu makazi na elimu ya mtoto, muda wa kukaa kwa mtu mwingine, na kumtembelea mzazi aliyenyimwa uangalizi. Hapo ndipo malezi ya pamoja, hata yasipotajwa kwa jina, yanapopata nafasi. Mzazi anayedai nusu kwa nusu, kana kwamba linagawanywa shamba, hudhoofisha ombi lake. Afadhali aeleze nani atampeleka mtoto shule, na likizo ataimalizia kwa nani.