Kila Kazi na Ngazi Yake: Somo la Matengenezo Kutoka Jeshini

Greda la kaunti likilala uani wiki kadhaa kwa kukosa filta, lawama huelekezwa kwenye bajeti. Lakini bajeti haijibu swali linalotangulia: ni nani mwenye ruhusa ya kulifungua? Majeshi yalilazimika kulijibu vitani. Uingereza iliunda kikosi cha wahandisi wa umeme na mitambo, REME, tarehe 1 Oktoba 1942, baada ya kamati ya William Beveridge kubaini kwamba mafundi, ambao walikuwa adimu, walitapanywa katika vikosi mbalimbali na ujuzi wao kupotea bure. Katika Vita vya Pili vya Dunia hivyohivyo, Afrika Mashariki nayo ilikuwa na kikosi cha aina hiyo, EAEME.

Katika mpangilio wa kijeshi uliozoeleka, ngazi ya kwanza ni ya dereva mwenyewe: maji, oili, upepo wa matairi, mkanda wa feni na grisi. Ya pili ni ya mafundi wa kikosi, wanaobadilisha filta, breki na vipuri vidogo. Ya tatu ni karakana ya nyuma yenye winchi na vipimo, inayoshusha injini au giaboksi. Ya nne ni karakana kuu au kiwanda, ambako injini hufumuliwa na kuundwa upya. Kazi hupewa ngazi ya chini kabisa yenye ujuzi, zana, spea na muda wa kuimaliza; kinachozidi hapo hupandishwa mara moja. Idadi ya ngazi si amri ya Mungu, kwani jeshi la nchi kavu la Marekani limezipunguza kutoka nne hadi mbili. Kilichobaki ni mpaka ulioandikwa kati ya ngazi moja na nyingine.

Ngazi ya kwanza ikipuuzwa, zile za juu haziwezi kuifidia. Machi 2022, picha za mtambo wa Urusi wa ulinzi wa anga aina ya Pantsir uliotelekezwa matopeni nchini Ukraine zilipoenea, Trent Telenko, aliyewahi kukagua ubora wa malori ya jeshi la Marekani, alieleza kwamba matairi yaliyochanika ni dalili ya gari lililoachwa limesimama juani kwa miezi bila kusogezwa. Kusogeza gari hakuhitaji mhandisi, bali mtu aliyepewa kazi hiyo na atakayeulizwa asipoifanya.

Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zina matrekta, magreda, ambulensi na mashine za hospitali, na tayari zimeonja mpango uliopeleka kazi juu mno. Mwaka 2015 serikali kuu ilianzisha ukodishaji wa vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti pamoja na zile za kitaifa, kwa mkataba wa miaka 7 uliomwachia msambazaji matengenezo. Kila kaunti ilikatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, kisha kiasi hicho kikapanda hadi milioni 200. Uchunguzi wa Seneti ulionyesha kwamba baadhi ya vifaa vililala bila kazi kwa kukosa wahudumu, maji au umeme. Fundi wa msambazaji, hata awe hodari vipi, hawezi kuziba pengo la ngazi ya chini.

Wapo watakaosema dereva akipewa spana ataharibu mashine au kuuza spea. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana kila ngazi huwekewa kikomo pamoja na daftari la kazi: kilichobadilishwa, tarehe, sahihi, na kipuri cha zamani kurudishwa stoo. Wizi hustawi pale ambapo kila mtu hugusa na hakuna anayejibu. Wengine watataja waranti, kwamba mtu mwingine akifungua mashine mkataba huvunjika. Marekani yenyewe imeumizwa na masharti hayo, na Aprili 2025 jeshi lake liliagizwa kudai haki ya kujitengenezea katika mikataba yake. Dawa ni kuidai haki hiyo kabla ya kutia sahihi. Kuhusu mitambo inayoendeshwa kwa kompyuta, ni kweli kwamba vihisi vyake vinataka vifaa vya uchunguzi, lakini hata trekta jipya kabisa bado linahitaji grisi na filta safi ya hewa.

Si lazima kila kaunti ijenge karakana ya ngazi ya tatu. Trans Nzoia na Bungoma ni majirani. Karakana moja ya pamoja, ikishirikiana na Kitale National Polytechnic na chuo cha Sang'alo, ingepata kazi ya kutosha kuwashikilia mafundi bora na kuwafunza vijana. Hatua ya kwanza ni nafuu zaidi. Mabunge ya kaunti zote mbili yadai, kabla ya kupitisha ununuzi wa mashine yoyote, jedwali la ukurasa mmoja linalotaja kila kazi ya matengenezo, mwenye kuifanya, na anayempelekea ikimshinda. Mashine isiyo na jedwali hilo isinunuliwe.