Tairi la theluji halifai joto la Rabai

Mnamo Mei 11, 1848, mmishonari Johannes Rebmann, aliyekuwa amefunga safari kutoka Rabai, aliona weupe juu ya kilele cha Mlima Kilimanjaro na kutambua kwamba ni theluji. Habari zake zilipofika Uingereza, baadhi ya wanajiografia wa London, akiwemo William Desborough Cooley, walizikejeli. Kwao, theluji karibu na Ikweta ilikuwa ndoto ya mchana.

Siku hizi theluji imefika Rabai kwa njia nyingine. Imeandikwa ubavuni mwa matairi.

Magari mengi ya mitumba yanayouzwa katika yadi za Mombasa hutoka Japan. Sehemu kubwa ya nchi hiyo, hasa kisiwa cha Hokkaido na pwani ya magharibi ya kisiwa cha Honshu, hupata theluji nyingi. Huko, mwenye gari huwa na seti mbili za magurudumu: moja ya kiangazi na nyingine ya majira ya baridi. Gari likiuzwa majira ya baridi, aghalabu husafirishwa na matairi lililokuwa nayo siku hiyo. Mnunuzi wa Kenya huyakuta yangali na kashata ndefu, yaani yale matuta ya mpira yanayokanyaga barabara, akamshukuru Mungu kwa bahati yake.

Ndivyo alivyofanya mpwa wangu mmoja, ambaye ni mwalimu. Alinunua Subaru Legacy, na muuzaji akamhakikishia kwamba matairi hayo yangemfikisha miaka mitatu bila kuguswa. Mvua za masika zilipoanza, akiwa mteremkoni kuelekea Mazeras, lori lililokuwa mbele yake lilisimama ghafla. Alikanyaga breki. Gari halikusimama; liliteleza polepole, akalikatia kando na kuishia ukingoni mwa mtaro, watoto wawili wakiwa kiti cha nyuma. Hakuna aliyeumia. Alipoinama kutazama, alisoma ubavuni mwa tairi neno STUDLESS.

Neno hilo lina historia yake. Zamani Wajapani walitumia matairi yenye misumari ya chuma ili kushika barafu. Misumari hiyo ilikwangua lami na kujaza miji vumbi, hata sheria ya kuidhibiti ikapitishwa mwaka wa 1990. Viwanda vilikuwa vimekwisha kuanza kubuni tairi linaloshika barafu bila msumari. Blizzak ya kampuni ya Bridgestone, kwa mfano, ilitoka mwaka wa 1988. Siri yake ni mpira laini mno.

Msomaji wa Pwani ataelewa jambo hili akifikiria mafuta ya nazi. Kukiwa na baridi huganda, jua likichomoza huyeyuka. Mpira wa tairi la kawaida nao hukakamaa katika baridi na kupoteza mshiko. Kwa hiyo, mpira wa tairi la theluji huchanganywa ili ubaki laini hata chini ya nyuzijoto 7, kiwango ambacho watengenezaji hupenda kukitaja kuwa mpaka wa matairi ya aina hizi mbili. Sasa, lichukue tairi hilo ulikimbize kwenye lami ya Mazeras saa nane mchana, hewa ikiwa nyuzijoto 30 na zaidi, na lami yenyewe ikiwa moto kuliko hewa. Mpira hulegea kupita kiasi, na breki inapokanyagwa kashata hulala upande badala ya kusimama wima na kung'ang'ania barabara.

Mvua nayo huzidisha tatizo. Wengi hudhani kwamba tairi la theluji, kwa vile limeundwa kwa mazingira ya utelezi, litafaa pia kwa maji. Sivyo. Mikato myembamba kama ya wembe iliyojaa kwenye kashata zake imekusudiwa kufyonza utando mwembamba wa maji ulio juu ya barafu. Kusukuma nje maji ya dimbwi la mvua ya Mei ni kazi ya mifereji mipana, na tairi la barafu halina mifereji hiyo ya kutosha. Matokeo ni kwamba gari huhitaji mita nyingi zaidi ili kusimama, na iwapo mwendo ni mkali, linaweza kuelea juu ya maji bila usukani kutii. Hapo ongeza tope jekundu linaloburutwa barabarani kutoka njia za vijijini.

Utalitambuaje? Kwanza tafuta neno STUDLESS. Pili, tafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Huo huonekana pia katika baadhi ya matairi ya misimu yote, lakini haupo katika tairi la kiangazi. Herufi M+S peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa sababu huchapwa hata kwenye matairi mengi ya magari ya kawaida ya kupanda milima. Majina kama Blizzak, iceGUARD na Winter Maxx yanajieleza yenyewe.

Kisha soma tarakimu nne za mwisho katika msimbo unaoanza kwa DOT. Zikiwa 2319, tairi liliundwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari la mtumba lenye zaidi ya miaka minane, lakini miaka minane ni umri mkubwa kwa mpira. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka likishapita miaka mitano, na libadilishwe likifika kumi hata kama kashata zingali ndefu. Kwa jua letu, mimi nisingesubiri hiyo kumi.

Ukiamua kununua mapya, fuata kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tuseme kinasema 205/55R16 91V. Tairi lina upana wa milimita 205. Kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, yaani takriban milimita 113. Rimu ni ya inchi 16. Namba 91 ina maana kwamba kila tairi hubeba kilo 615, na V ni mwendo usiozidi kilomita 240 kwa saa. Matairi mengi ya theluji ya Japan huwa na herufi Q, ambayo ni kilomita 160. Hakuna barabara ya Kenya inayoruhusu mwendo huo, lakini herufi hiyo hudokeza pia jinsi tairi linavyostahimili joto la mwendo mrefu.

Hapa ndipo vijana wenye Impreza na Mark X hunikasirikia. Tangu Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya mwaka wa 1997 kwa Subaru Impreza, gari la aina hiyo halijapungukiwa na mashabiki nchini, na shabiki hupenda rimu kubwa. Ukitoka inchi 16 hadi 18 na kuvaa tairi la 225/40R18, kimo cha gurudumu zima hakibadiliki sana, lakini ubavu hubaki milimita 90 tu. Shimo moja lililofichwa na maji laweza kupinda rimu na kupasua ubavu kwa pigo moja. Kwa anayepanda Rabai kila siku, inchi 16 ni busara. 17 yenye 215/45 ni ya kuvumiliwa.

Rimu zenyewe zikaguliwe nafasi za nati. Impreza nyingi zina matundu matano kwenye duara la milimita 100, ilhali Mark X ina matano kwenye duara la milimita 114.3. Fundi akikwambia atazilazimisha ziingie, chukua funguo zako uondoke.

Mwenye Subaru inayoendeshwa na magurudumu yote manne abadilishe matairi yote kwa pamoja, ya aina moja. Mawili mapya na mawili yaliyolika huzunguka kwa kasi tofauti, na mvutano huo huchosha na hatimaye kuharibu mtambo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Kuukarabati hugharimu zaidi ya matairi uliyojaribu kuokoa.

Mambo haya yote yasomwe yadini, kabla ya fedha kutoka mfukoni. Ukiona STUDLESS, mwambie muuzaji apunguze bei ya matairi manne au ayabadilishe yeye mwenyewe.

Mpwa wangu hakujua hayo, akanunua mengine kwa fedha yake. Fundi wa pancha alitaka kuyachukua yale ya zamani ili amuuzie dereva wa teksi. Alikataa, akayakata mbavu kwa msumeno mbele yake. Mawili sasa yamepandwa sukumawiki uani kwake.