Sarafu inayokumbuka mzigo wa tani 10

Mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Namanga huzijua hata gizani sarafu za Kenya za shilingi 10 na 20: katikati madini ya aina moja, pembeni duara la madini mengine. Uingereza nayo ina sarafu ya pauni 2 ya namna hiyo, na moja iliyotolewa mwaka 2004 inasimulia safari ya mzigo.

Upande mmoja wa sarafu hiyo kuna garimoshi la Richard Trevithick, fundi kutoka Cornwall, na mwaka 1804. Ni kumbukumbu ya kusini mwa Wales, eneo lililotajirika kwa chuma. Kiwanda cha Penydarren, mjini Merthyr Tydfil, kilitumia farasi kuvuta mabehewa ya chuma hadi kwenye mfereji, huko Abercynon. Mwenye kiwanda, Samuel Homfray, akaweka dau la gini 500 kwamba mvuke ungeiweza kazi hiyo.

Tarehe 21 Februari 1804 injini iliondoka na mabehewa 5, tani 10 za chuma na watu wapatao 70. Umbali ulikuwa takriban kilomita 15. Njiani ilibidi miti ikatwe na mawe yaondolewe, hivyo safari ikachukua muda wa saa 4 na dakika 5. Mzigo ulifika.

Reli ndizo zilizoshindwa. Zilikuwa za chuma cha kusubu, ambacho huvunjika badala ya kupinda, na zilitengenezwa kwa ajili ya mabehewa ya farasi. Injini ya tani 5 hivi ilizivunja, na kiwanda kikarudi kwa farasi. Mwaka 1825, reli ya Stockton na Darlington ilipofunguliwa, reli za chuma cha kufuliwa zilikuwa zimeshapatikana, na njia ikaweza kubeba injini.

Dereva wa lori anayepanga foleni kwenye mizani analijua somo hilo: njia ikivunjika, hasara ni ya kila anayefuata nyuma.

Sarafu zaidi ya milioni 5 za aina hiyo ziliingizwa kwenye mzunguko. Kwa hiyo anayeuziwa moja kwa bei ya kitu adimu akumbuke kwamba dukani Uingereza inanunua bidhaa ya pauni 2 tu.