Nodi Nyekundu Ilinidanganya

Msimu uliopita mkono wa kuzungushia mashine ya kumenya kahawa ya bibi, kule Kibosho, ulikatika pale ulipochomelewa. Kahawa mbivu haingoji, ikilala inachacha. Fundi akachomelea upya, mimi nikaufanya mradi wa mwaka wa mwisho.

Streini ni kiasi chuma kinavyorefuka ukigawa kwa urefu wake wa awali. Streini geji ni foili nyembamba unayoibandika juu ya chuma. Chuma kikivutika nayo inavutika, ukinzani wake unapanda. Nilibana ngoma kwa kabari, mkono ukiwa umelala, nikatundika ndoo ya maji ya kilo 15, milimita 200 kutoka kwenye geji iliyobandikwa ukingo wa juu. Mkono una kina cha milimita 25 na unene wa 8. Hesabu ya karatasi ilitoa mkazo wa megapaskali 35, yaani maikrostreini 177. Kwa geji ya omu 120 yenye kigezo cha 2, hayo ni mabadiliko ya omu 0.042 tu! Bila daraja la Wheatstone huoni kitu.

Geji ikasoma 171. Simulesheni ikasema 251. Siku mbili nzima nailaumu gundi.

Kumbe nilikuwa nimebofya nodi nyekundu kuliko zote, kwenye kona ya weldi. Geji haisomi nukta. Inasoma wastani wa urefu wake, milimita 5 kwa yangu, tena kwa uelekeo mmoja. Na ile kona niliichora kali kabisa, kwa hiyo kila nilipopunguza elementi namba ilipanda, haitulii. Namba ya namna hiyo usiiandike kwenye ripoti.

Basi chora mstatili wa geji juu ya uso kabla ya kutengeneza meshi. Ufunike kwa elementi za utando zinazotumia nodi zilezile, unene milimita 0.001, zisije zikauongezea mkono ugumu. Zipe mhimili wake, kisha chukua wastani wa streini kwenye mhimili huo. Nikapata 176. Nikarudi Kibosho na protrakta: geji nimeibandika upande, digrii 8. (Msasa, mikono baridi, bibi anaita chai.) Nikazungusha mhimili, ikaja 172.

Geji ya pili bado iko kwenye boksi. Fundi amekubali kuisaga ile kona iwe ya mviringo, nami nitaibandika jirani yake kabla kahawa haijaiva.