Kukwama kwa kompyuta ya Linux wakati wa kuwaka

Kukwama kwa kompyuta ya Linux wakati wa kuwaka ni hali ambapo kompyuta inayotumia mfumo wa uendeshaji wa Linux inawashwa lakini haifiki kwenye ukurasa wa kuingilia. Skrini inaweza kubaki nyeusi, kuonyesha nembo isiyobadilika au kusimama kwenye mstari mmoja wa maandishi. Mara nyingi mafaili ya mtumiaji huwa bado salama kwenye diski, kwa hiyo kusakinisha mfumo upya si hatua ya kwanza: usakinishaji unaweza kuyafuta.

Hatua za kuwaka

Ili kujua kilichokwama ni lazima kujua kompyuta imefika hatua gani. Kwanza programu iliyomo kwenye ubao mkuu (BIOS au UEFI) hukagua vifaa na kutafuta diski. Pili, programu ya kupakia mfumo, ambayo kwa kawaida ni GRUB, huingiza kerneli ya Linux kwenye RAM. Tatu, kerneli hutambua vifaa, na kwa msaada wa mfumo mdogo wa muda uitwao initramfs hufungua diski yenye mfumo wenyewe. Nne, systemd huanzisha huduma moja baada ya nyingine au kwa pamoja. Systemd ilianzishwa mwaka 2010, na tangu 2015 ni chaguo la kawaida katika Debian na Ubuntu. Mwisho huja programu ya kuingilia na eneokazi.

Kama nembo ya mtengenezaji wa kompyuta haiondoki, tatizo linaweza kuwa kwenye vifaa au mipangilio ya UEFI. Kama menyu ya GRUB inaonekana, diski inasomeka angalau kwa sehemu.

Kuona ujumbe uliofichwa

Matoleo mengi ya Linux huficha ujumbe wa kuwaka nyuma ya nembo. Ili kuuona, mtumiaji hubonyeza Esc (au hushikilia Shift kwenye kompyuta za BIOS) mara tu baada ya kuwasha, ili menyu ya GRUB itokee. Kisha hubonyeza herufi e, hutafuta mstari unaoanza na neno linux, hufuta maneno quiet na splash, na kubonyeza Ctrl+X. Badiliko hilo hudumu kwa uwashaji huo mmoja tu, kwa hiyo halina hatari. Mstari wa mwisho kabla ya kukwama huwa dalili muhimu, ingawa si lazima uwe ndio chanzo.

Sababu za kawaida na utatuzi

* Kerneli mpya. Kama tatizo limeanza baada ya kusasisha mfumo, menyu ya GRUB huwa na kipengele cha chaguo zaidi chenye kerneli za zamani. Ikiwa ya zamani inawaka vizuri, chanzo kimepatikana.
* Draiva ya kadi ya picha. Skrini huwa nyeusi ingawa mfumo unaendelea kufanya kazi. Kuongeza neno nomodeset mwishoni mwa mstari wa linux huzuia kerneli kubadili hali ya skrini. Hii ni njia ya kuingia ndani ili kurekebisha draiva, si tiba ya kudumu.
* Diski iliyoondolewa. Faili la /etc/fstab huorodhesha diski za kufunguliwa. Diski iliyotajwa humo isipopatikana, systemd huisubiri kwa sekunde 90, kisha hufungua hali ya dharura. Neno nofail kwenye mstari wa diski isiyo ya lazima huruhusu mfumo kuendelea bila diski hiyo.
* Diski iliyojaa. Programu ya kuingilia hushindwa kuandika mafaili yake ya muda. Kwa kubonyeza Ctrl+Alt+F3 mtumiaji anaweza kuingia kwa maandishi, kuona nafasi iliyobaki kwa amri df -h na kufuta visivyohitajika.
* Mfumo wa mafaili ulioharibika, hasa baada ya umeme kukatika ghafla. Amri fsck huurekebisha, lakini haipaswi kutumika kwenye diski iliyo wazi kwa kuandikwa. Ni bora kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux na kuikagua diski kutoka huko.
* Vifaa vibovu. Amri smartctl huonyesha afya ya diski, na programu ya Memtest86+ hupima RAM.

Mfumo ukiwaka tena, amri journalctl -b -1 -p err huonyesha makosa ya uwashaji uliopita, mradi kumbukumbu zake zilihifadhiwa kwenye diski.

Kulinda data

Diski inapotoa sauti zisizo za kawaida au makosa mengi ya kusoma, kazi ya kwanza ni kunakili mafaili kwenye diski nyingine kwa kutumia flashi ya Linux. Ukarabati hufuata baadaye, kwa sababu fsck huandika kwenye diski na inaweza kuongeza hasara pale ambapo diski yenyewe inakufa.

Kuzima kwa kushikilia kitufe cha umeme ni hatua ya mwisho. Kabla yake, inafaa kusubiri angalau dakika mbili, kwa kuwa ukaguzi wa diski au muda wa kusubiri wa systemd unaweza kuonekana kama kukwama.