Injini Inapolalama Gari Likiwa Limesimama

Mchele wa pishori unaonukia katika sinia zetu za pilau na biriani aghalabu hutoka Mwea, katika kaunti ya Kirinyaga. Mji wa Kutus uko karibu na mashamba hayo, kwenye njia ya kupandia Kerugoya. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480, na hadi Kutus zaidi ya kilomita 100 nyingine. Jamaa zetu wanaoishi huko, na wale wanaopanda kuwazuru, hutegemea gari la nyumbani, mara nyingi lile lililokwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa nchini. Likianza kutoa sauti ngeni, fundi waliyemzoea yuko mbali. Ndiyo maana tumeona vyema kuliandika jambo hili, hasa kwa ajili ya akina mama na dada zetu ambao siku hizi ndio washika usukani.

Injini husikika vyema gari likiwa limesimama mahali pa wazi, gia haijaingizwa, breki ya mkono imevutwa, redio na kiyoyozi vimezimwa. Tujiulize mambo manne. Sauti ni ya namna gani? Inatoka upande upi? Huja injini ikiwa baridi au moto? Hubadilika mafuta yakikanyagwa kidogo au kiyoyozi kikiwashwa? Majibu hayo yaandikwe. Fundi akiyapata hatakuwa na haja ya kubahatisha kwa fedha zetu.

Asubuhi za Kutus zina baridi kuliko za Pwani, na baridi huifanya oili iwe nzito. Hivyo injini iliyokuwa kimya Mombasa yaweza kugongagonga kidogo inapowashwa huko. Sauti ikitoweka baada ya sekunde chache, tuangalie tu kiasi na umri wa oili. Ikidumu kama mnyororo unaotikisika, huenda cheni ya ndani ya injini, au kifaa kinachoikaza, vimechakaa.

Mlio mkali kama wa filimbi mara nyingi ni wa mkanda wa mbele ya injini uliolegea au kupasuka. Injini ikiwa imezimwa, tuutazame: ukiwa na nyufa au unang'aa kama kioo, ubadilishwe. Mlio ukibaki baada ya hapo, beringi za puli zikaguliwe.

Sauti ya tiki-tiki ya haraka yaweza kuwa ya oili kupungua, vali kuhitaji kurekebishwa, au ekzosi kuvuja karibu na injini. Ya ekzosi huwa kubwa injini ikiwa baridi, kisha hupungua chuma kinapopata moto na kutanuka. Mfoko wa hewa, pamoja na injini kupanda na kushuka mwendo yenyewe, huashiria mpira wa hewa uliopasuka au kuchomoka. Gari zima likitetemeka gia imo na breki imekanyagwa, mipira inayoishikilia injini itazamwe. Mlio wa bati chini ya gari, hasa baada ya barabara mbovu, huenda ni bamba la kuzuia joto la ekzosi lililolegea, na pengine dawa yake ni kukaza skrubu tu.

Sauti moja haina subira: mgongo mzito wa chuma, kama nyundo, unaozidi mafuta yakikanyagwa. Huo, au taa nyekundu ya oili ikiwaka, ni amri ya kuzima injini hapo hapo. Beringi za ndani zikisagika, kuendelea kwa kilomita chache kwaweza kuiua injini nzima. Gari livutwe hadi kwa fundi.

Kupima oili ni kazi ya kila mmoja wetu. Gari liwe mahali tambarare, injini izimwe, zipite dakika chache. Kijiti kichomolewe, kifutwe, kirudishwe hadi mwisho, kichomolewe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikipungua iongezwe kidogo kidogo, ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari, bila kuipita alama ya juu.

Tahadhari mbili zisisahaulike. Boneti likiwa wazi na injini inazunguka, mtandio, buibui na mikono mirefu vikae mbali na mkanda na feni, kwani feni nyingine huanza ghafla. Pili, injini isiachwe ikinguruma ndani ya gereji iliyofungwa, wala watoto wasiachwe wamelala katika gari lenye ekzosi inayovuja. Moshi huo una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Tukifika kwa fundi tusiyemjua, tumwombe aisikilize sauti pamoja nasi kabla ya kufungua chochote. Tupatane bei kwanza, na kifaa cha zamani tukabidhiwe. Fundi mwaminifu hachukizwi na masharti hayo. Kazi ikiisha, injini iwashwe, tuisikilize tena kabla ya kulipa.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mkanda unaopiga filimbi leo ni gharama ndogo. Ukikatika usiku njiani, pamoja na watoto, gharama yake haihesabiki kwa shilingi.